Saa Kumi Jioni: Vifaa Kumi vya Kutembelea, Kuanzia cha Mwisho Hadi Bingwa

Barabara ya Njombe–Ludewa–Manda ina kilomita 211, na ndani yake mguu unakutana na kila aina ya ardhi. Njombe mjini ni miinuko na udongo mwekundu ambao mvua ikinyesha unateleza kama bamia. Kati ya Lusitu na Mawengi unapita juu ya zege. Ukiteremka hadi Manda, Ziwa Nyasa liko mbele yako, joto linakupokea na mchanga unameza kisigino. Mwenye miguu mizima hunung'unika kidogo, kisha akaendelea na safari. Lakini mwenye ugonjwa wa multiple sclerosis, ambaye juu ya hayo ametoka kupasuliwa mguu, hujiuliza kabla ya kila hatua: nashika nini?

MS, kama unavyofupishwa, ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia utando unaofunika nyuzi za neva kwenye ubongo na uti wa mgongo. Fikiria waya wa umeme uliochunika plastiki: taa inawaka, inafifia, inazima. Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot aliueleza kitabibu mwaka 1868, na mwaka 2020 ilikadiriwa kwamba watu milioni 2.8 duniani wanaishi nao. Kwetu wataalamu wa neva ni wachache na kipimo cha MRI hakipo kila hospitali, hivyo mtu anaweza kujikwaa miaka kadhaa kabla hajajua anajikwaa kwa nini. Kisha siku moja anaanguka, mfupa unavunjika, anafungwa hogo la plasta au antena ya vyuma vya nje, au anawekewa vyuma vya ndani, na ukoo mzima unageuka jopo la washauri.

Ushauri wa ndugu una upendo mwingi na vipimo vichache. Ndiyo maana nimevipanga vifaa kumi kwa mtihani mmoja tu: saa kumi jioni. Hospitali itakupima saa tatu asubuhi, umelala vizuri, umekunywa uji, mwili umejaa chaji. Uchovu wa MS huongezeka kadiri siku inavyokwenda. Kifaa chako ni kile ambacho saa kumi jioni, mguu mmoja umeshonwa na mwingine umegoma, bado kitakufikisha nyumbani. Haya, tuhesabu kushuka.

10. Fimbo ya babu

Ni ile iliyosimama nyuma ya mlango tangu babu atangulie. Ina heshima, ina historia, na ina urefu wa babu. Wewe si babu.

Fimbo yako hupimwa ukiwa umesimama na viatu, mkono umening'inia: kichwa chake kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, ili ukiishika kiwiko kikunjike kidogo. Halafu ishike upande wa mguu mzima. Ndiyo, mguu mzima! Fimbo na mguu mgonjwa husonga pamoja, kila kimoja upande wake, na uzito unagawanyika katikati. Wengi huishika upande wa maumivu, wakachechemea zaidi na kuilaumu fimbo.

Mwalimu Nyerere alitembea na kifimbo chake miaka na miaka, na hakukiegemea. Kilikuwa cha mkononi tu. Ya babu nayo iachwe ilinde mlango. Hata fimbo yenye kipimo sahihi hupunguza uzito kidogo, na wiki za mwanzo baada ya upasuaji kidogo hakitoshi.

9. Bega la ndugu

Bega la ndugu halinunuliwi, halikatiki na linajua kupiga soga njiani. Tatizo lake ni kwamba lina shamba la viazi, lina watoto wa kupeleka shule, na saa kumi jioni liko njiani linatoka Makambako na gunia.

Akikusaidia, asikuvute mkono kama anayekutoa kwenye mtaro. Asimame upande ulio dhaifu, nyuma kidogo, mkono mmoja kiunoni kwako. Mkiteleza, akuteremshe chini taratibu badala ya kung'ang'ana hadi mwanguke wawili. Shemeji mmoja hospitalini anatosha. Wawili wodi moja ni mkutano.

8. Fimbo ya miguu minne

Juu ya sakafu ya marumaru hii ni malkia: husimama yenyewe hata ukiiachia. Sasa ipeleke kwenye kimlima cha Njombe, miguu miwili juu ya jiwe na miwili hewani, uone inavyocheza mdundiko. Kama nyumba yako ina sakafu iliyonyooka, itumie humo ndani. Nje ya mlango, mwachie mwenye uwanja wa ndege.

7. Magongo ya kwapani

Haya ndiyo utakayokabidhiwa karibu hospitali yoyote, na ndiyo yanayotumika vibaya kuliko vyote. Jina lenyewe linapotosha: magongo ya kwapani hayabebwi na kwapa. Kati ya kichwa cha gongo na kwapa pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu, na uzito wote uende kwenye viganja. Ukining'inia juu ya gongo kwa kwapa, unabana neva inayoshuka mkononi, na mkono unaanza kufa ganzi na kulegea. Mtu mwenye MS, ambaye pengine vidole vyake vina ganzi tayari, anaweza kuusingizia ugonjwa kosa la gongo.

Kabla hujatoka wodini, mwulize daktari swali moja na udai jibu lililo wazi: mguu huu usikanyage kabisa, uguse tu, ukanyage nusu, au ukanyage wote? Kila kifaa kwenye orodha hii kinasubiri jibu hilo. Kwenye ngazi, kumbuka hivi: kupanda, mguu mzima hutangulia, kushuka, magongo na mguu mgonjwa hutangulia. Mzima apande kwanza, mgonjwa ashuke kwanza. Waimbishe watoto nyumbani, watakukumbusha kila ngazi.

Na tazama mpira wa chini ya gongo. Ukisagika na kung'aa, ubadilishe leo. Gongo lenye kipara kwenye udongo wa Njombe wakati wa masika ni njia ya mkato ya kurudi chumba cha upasuaji.

Ulanzi, ile pombe ya mianzi, na magongo? Havipandi pikipiki moja, ndugu yangu. Msimu wa mianzi utarudi tena mwakani. Mfupa uliowekewa chuma mpe muda wake.

6. Magongo ya kiwiko

Haya ni mafupi, yana kikuku kinachokumbatia mkono chini kidogo ya kiwiko. Uzuri wake utauona sokoni: unaachia kishikio, unatoa noti, unapokea parachichi, na gongo bado limekukumbatia. Lile la kwapani lingekuwa limeshaanguka na kumgonga muuza nyanya. Ni mepesi, hayabani kwapa, na mtu anayetumia magongo kwa miezi au miaka huyapenda zaidi.

Mbona basi yameishia namba sita? Kwa sababu yanadai mikono yenye nguvu, na MS haiheshimu mpaka wa kiuno. Mikono inayotetemeka, vidole visivyohisi, kizunguzungu, jicho lenye ukungu: lolote kati ya hayo linaweza kuligeuza gongo jepesi kuwa mtego. Jipime: je, unaweza kuchemsha chai, kuimimina na kuifikisha mezani saa kumi jioni bila kumwaga? Kama mkono hauwezi kubeba kikombe, usiutwishe mwili mzima.

Ardhi nayo ina neno lake. Kwenye mchanga wa Manda gongo huzama, ukalazimika kulichomoa kila hatua kama mhogo. Upepo wa Makambako nao haubishi hodi. Ukivuka barabara kuu, ngoja upulize upite, halafu ndiyo unyanyue gongo.

5. Kiatu, na kibati ndani yake

Hakuna anayekwenda dukani kuuliza kifaa cha kutembelea akaonyeshwa kiatu, na hilo ni kosa kubwa. Ndala zinakung'ang'aniza kukunja vidole ili zisichomoke. Mwenye MS hana nguvu ya ziada ya kulipa kodi hiyo. Katambuga la tairi lina soli ya kiume, lakini kama kisigino hakifungwi, nalo ni lile lile. Chagua kiatu kinachofunga kisigino, chenye soli inayoshika na kilicho chepesi. Kama mguu umevimba baada ya upasuaji, chenye mikanda ya kubandika ni bora kuliko cha kamba.

Sasa siri yenyewe. Watu wengi wenye MS hushindwa kunyanyua unyayo, vidole vikaburuta na kujikwaa kwenye jiwe dogo kabisa. Kwa hao kuna kibati cha plastiki kinachovaliwa ndani ya kiatu, kikapanda nyuma ya shavu la mguu hadi karibu na goti, kikauzuia unyayo usining'inie. Hutengenezwa kwa kipimo cha mguu wako na mafundi sanifu wa viungo, kama wale wanaofundishwa katika chuo cha TATCOT pale KCMC, Moshi, ambacho kimekuwa kikitoa mafundi hao tangu miaka ya 1980.

Kikague kila jioni: vua, tazama ngozi. Wekundu usiofifia baada ya dakika ishirini una maana kibati kinabana. Ganzi haitakwambia, macho yatakwambia.

4. Miti miwili uani

Hapa Njombe inatamba. Mkoa wa misitu, mbao na mikaratusi, halafu mtu atembee akishika ukuta wenye vumbi? Mwite fundi seremala. Achimbie nguzo, alaze miti miwili iliyonyooka sambamba, urefu wa hatua sita hivi, kimo cha kifundo cha mkono ukiwa umesimama, upana wa nyonga zako na kidogo zaidi. Apige randa mpaka iwe laini kama mpini wa jembe la mama mkwe. Tayari una uwanja wa mazoezi ambao hospitali kubwa zinao wa chuma.

Faida yake ni kwamba mazoezi yanakufuata nyumbani. Mguu uliopasuliwa unahitaji kusimamishwa na kukunjwa kwa ratiba ya mtaalamu wa fiziotherapia, na mwili wenye MS ukilazwa muda mrefu hukakamaa haraka. Fanya kidogo, pumzika, rudia. Mara tatu fupi ni bora kuliko moja ya kujionyesha kwa majirani.

Chagua saa vizuri. Mwaka 1890 daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, aliandika juu ya wagonjwa ambao macho yao yalififia kwa muda walipofanya mazoezi; baadaye ikaeleweka kwamba chanzo ni joto la mwili, maana neva iliyochunika hupitisha ujumbe kwa shida zaidi ikipashwa. Kwa hiyo Manda, fanya kabla jua halijapanda, kitambaa chenye maji shingoni. Njombe joto si adui, lakini baridi ya Juni na Julai huikaza misuli ya wengine, kwa hiyo subiri jua litoke, vaa soksi nzito. Na kama siku chache baada ya upasuaji miguu inalegea ghafla, usilaumu miti wala magongo. Upimwe homa, kidonda na mkojo, maana maambukizi hupandisha joto la mwili na kuziamsha dalili zote kwa pamoja.

3. Woka

Fremu ya miguu minne unayoitanguliza mbele yako. Vijana huiona ya wazee. Wazee huiona ya wagonjwa. Wagonjwa wakishaizoea hawataki kuiazima mtu. Ziko za aina tatu, na kuchanganya aina ndiko kunakoangusha watu.

Isiyo na magurudumu ni imara kuliko zote, lakini kila hatua lazima uinyanyue. Hatua mia ni kunyanyua mara mia. Saa kumi jioni mikono imekwisha. Yenye magurudumu mawili mbele husukumwa bila kunyanyuliwa, nayo ndiyo rafiki wa wiki za mwanzo kwa mwenye MS aliyeruhusiwa kukanyaga kidogo. Yenye magurudumu manne, breki na kiti cha kupumzikia ni tamu kuliko zote: umechoka, funga breki, geuka, kaa, salimia wapita njia "Kamwene!" mpaka nguvu zirudi. Lakini hiyo hukimbia. Usiiegemee kwa uzito wote wakati mguu haujaruhusiwa kukanyaga. Itakuacha ukiwa umepiga magoti kama unayeomba radhi.

Kwenye nyumba yenye sakafu nzuri na ua uliosawazishwa, woka inastahili medali. Kwenye mchanga wa ziwani na ngazi za mawe, haina pa kwenda.

2. Kiti cha choo

Mmeguna? Guneni, nitasubiri. Watu huchanga fedha za magongo, wakasahau kwamba safari ngumu kuliko zote ni ya hatua kumi kwenda chooni usiku. Choo cha kuchuchumaa kinadai nyonga, goti na kifundo cha mguu vikunjwe hadi mwisho, kisha misuli ya paja ikunyanyue. Aliyepasuliwa nyonga au goti huenda amekatazwa mkunjo huo, na aliye na MS hana uhakika wa kunyanyuka. Tena MS mara nyingi hugusa kibofu: haja ikija, imekuja, haikubali miadi.

Suluhisho lipo karakana ya jirani. Kiti kizito cha mbao kilichotobolewa katikati, chenye mikono ya kushika na miguu mipana, kikawekwa juu ya tundu. Kimo chake kiwe cha nyuma ya goti au juu kidogo, ili nyonga isishuke chini ya goti. Kiti cha plastiki cha sherehe kilichotobolewa kwa kisu usikiamini; miguu yake hupanuka juu ya sakafu yenye maji, na hapo hakuna wa kumwita kwa haraka. Ongeza ubao wa kushika ukutani, taa au tochi njiani, na mlango unaofunguka kwa nje, ili ukianguka usiuzibe kwa mwili wako.

Kiti hiki hakipigwi picha wala hakisifiwi msibani. Lakini anayekwenda haja peke yake, kwa staha yake, amerudishiwa kitu ambacho gongo halijawahi kumrudishia mtu.

1. Kiti mwendo

Huyu hapa bingwa, tunayemkimbia wote. Shangazi akikiona analia, jirani ananong'ona "ndiyo basi tena", na mgonjwa mwenyewe anaapa atatambaa kuliko kukikalia. Nasema kwa moyo wote: tunakosea.

Kwa mwenye MS nguvu za siku ni kama maji ya kisima wakati wa kiangazi. Ukiyamaliza saa tano kwa kujikokota hadi stendi, jioni huna ya kumshika mtoto wala ya kula. Kiti kinabeba ile safari ndefu ili miguu ibakie na nguvu za safari fupi. Magongo ya ndani, kiti cha nje. Kutumia kimoja hakukufukuzi kwenye kingine.

Wala kiti si hukumu ya maisha. Mwanasiasa Tundu Lissu, aliyepigwa risasi Dodoma tarehe 7 Septemba 2017, watu walimwona kwenye kiti mwendo Nairobi, kisha kwenye magongo, na baada ya matibabu marefu Ubelgiji alirejea nchini Julai 2020 akitembea kwa miguu yake. Mwenye MS anaweza kupanda na kushuka ngazi hiyo mara nyingi, mwezi huu kiti, mwezi ujao fimbo. Kiti kinamngojea bila kinyongo.

Ila kiti gani? Kile chenye magurudumu madogo mbele, cha kusukumia wagonjwa koridoni, kitazama Manda kabla hujaaga. Kwa mchanga na matope tafuta chenye magurudumu matatu, gurudumu la mbele likiwa kubwa na lililosogezwa mbele. Hakipinduki ovyo, na kama matairi ni ya baiskeli, fundi yeyote Makambako ataziba pancha. Ile baiskeli ya kuzungushwa kwa mikono ni nzuri tambarare, lakini milima ya Njombe na mikono yenye MS havitaiweza. Upana ukutoshe nyonga bila kukubana wala kukuacha unaogelea. Kiwe na kiegemezo cha kunyoosha mguu uliopasuliwa, na mto mzuri. Kila nusu saa jinyanyue au egemea upande, kwa sababu ganzi huficha kidonda cha kukalia mpaka kiwe kikubwa. Funga breki kabla ya kusimama, kila mara. Kwenye mteremko mkali, anayekusukuma ashuke kinyumenyume, yeye akiwa chini.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2008, liliorodhesha hatua nane za kumpatia mtu kiti mwendo, na kukabidhi kiti si hatua ya mwisho: kuna kupima, kurekebisha, kumfundisha mtumiaji na kurudi kukagua. Kiti cha msaada kinachogawiwa jukwaani bila kipimo, kwa picha na makofi, ni nusu ya kazi. Ripoti ya shirika hilo na UNICEF ya mwaka 2022 ilisema watu zaidi ya bilioni 2.5 wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, na katika baadhi ya nchi maskini wanaokipata ni asilimia 3 tu. Kwa hiyo ukikipata, pata kinachokufaa.

Pa kuanzia ni karibu. Mwone mtaalamu wa fiziotherapia wa hospitali unakotibiwa na umwombe akupime mara mbili, asubuhi na tena jioni ukiwa umechoka. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inazungumzia utengamao na ufikikaji, na ofisi ya afisa huyo ndiyo mlango wa kugonga. Kama una bima, uliza kwa maandishi vifaa gani inalipia.

Na wewe ndugu, shangazi, shemeji: mgonjwa wenu akikaa kwenye kiti, msilie. Sawazisheni njia ya kutoka mlangoni hadi barabarani, halafu mwulizeni leo anataka kwenda wapi.